Hifadhi ya Mbwa na Punda Tabora: Hela Itatoka Wapi, na Itaishia Wapi?



Ukitaka kuchekwa hapa chuoni, simama kwenye kikao chochote cha wanafunzi useme unataka kuchangisha fedha za kujenga hifadhi ya wanyama wasio na mwenyewe. Mwaka huu nimesimama mara tatu. Hoja ya kwanza kutoka ukumbini ni ile ile: "Watu wenyewe hawana pa kulala, wewe unamjengea mbwa?" Ya pili hutoka kwa wale wa viti vya nyuma: "Bumu lenyewe halijaingia!" Watu wanapiga meza, mnacheka, mnaendelea na ajenda nyingine. Hoja ya tatu ndiyo nzito. Mara nyingi huletwa na mtu mmoja tu, kwa upole, baada ya kikao kufungwa: "Hivi mkishajenga, mtawalisha nini?"

Makala hii inajaribu kujibu yote matatu. Nasoma ualimu, na kitu kimoja tulichofundishwa ni kwamba mada ngumu ishushwe ubaoni ionekane hesabu yake. Basi nimeamua kuishusha. Ukimaliza kusoma unaweza kuendelea kupinga, lakini utapinga ukijua unapinga nini.

Wanyama wenyewe ni akina nani

Tukisema mbwa koko, wengi tunafikiria mbwa asiye na mtu kabisa duniani. Hali halisi ya Tanzania, na ya sehemu kubwa ya Afrika, ni tofauti kidogo. Tafiti zimeonyesha mara kwa mara kwamba mbwa wengi wanaozurura wana wenyewe. Mwenye mbwa yupo, ila hamfungii, hampi chakula cha kumtosha, na akizaa watoto sita nyuma ya nyumba wale watoto wanatafutiwa mfuko wa salfeti na kwenda kutupwa dampo. Wale wanaopona ndio tunaowakuta usiku nyuma ya bucha na kwenye vibanda vya chipsi.

Kundi la pili ni paka. Hawa wanajitafutia panya na mabaki ya mama lishe, na watu hawawaogopi sana, kwa hiyo sitawazungumzia kwa urefu.

Kundi la tatu ndilo linasahaulika: punda. Ukienda Igunga na Nzega, punda ndiye lori la mkulima. Anabeba maji, anavuta mkokoteni wa mahindi na mpunga, anapeleka mgonjwa barabarani. Akivunjika mguu au mgongo ukioza kwa kidonda cha kamba, mwenyewe hana hela ya kumtibu na nyama yake wengi hatuli. Kwa hiyo anaachiwa. Anaonekana kandokando ya barabara, amesimama tu, mpaka gari limgonge au fisi wamkute.

Ninapoandika "hifadhi" nina maana ya mahali ambapo wanyama wa aina hii wanapokelewa, wanachanjwa, wanatibiwa, wanazuiwa kuzaana hovyo, kisha wanatafutiwa mtu wa kuwachukua. Anayebaki pale maisha yake yote awe yule ambaye kweli hana pa kwenda.

Kwa nini Tabora

Kuna wanaosema kuhurumia wanyama ni mambo ya Wazungu. Hapa nawaomba wana historia wenzangu wanisaidie, maana Tabora ni mji ambao umesimama juu ya migongo ya wabebaji.

Karne ya 19 mji huu, wakati ule ukijulikana kwa wageni kama Kazeh, ulikuwa njia panda ya misafara ya Unyanyembe. Kutoka Bagamoyo msafara ulikuja hadi hapa, na kutoka hapa njia ikagawanyika: moja ikaenda Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika, nyingine ikapanda kaskazini kuelekea Ziwa Nyanza na Buganda. Pembe za ndovu zikashuka pwani, nguo, shanga na bunduki zikapanda bara, na watumwa wakapitishwa humo humo. Burton na Speke walifika Kazeh Novemba 1857. Stanley alifika 1871 akimtafuta Livingstone, na tembe waliyokaa Kwihara ipo mpaka leo, ni makumbusho. Njia hiyo nzima Tanzania imeiweka tangu 2006 kwenye orodha ya awali ya maeneo inayotaka UNESCO iyatambue kuwa urithi wa dunia.

Sasa, umewahi kujiuliza kwa nini mizigo yote ile ilibebwa na binadamu? Kwa nini Wanyamwezi wakawa wapagazi maarufu kuliko wote, wakati Ulaya na Uarabuni mizigo ilibebwa na farasi, ngamia na nyumbu? Sababu kubwa ni mdudu. Mapori ya miyombo yanayoizunguka Tabora yalikuwa na mbung'o, na mbung'o hueneza nagana, ugonjwa unaomdhoofisha mnyama wa mzigo mpaka akafa. Stanley aliondoka Bagamoyo na farasi wawili, na wote wawili walikufa mapema kabisa safarini. Alikuwa na punda pia, 27 kwa hesabu yake mwenyewe, na wengi walimfia njiani. Punda alistahimili kidogo kuliko farasi, lakini naye alikwisha. Mzigo wa punda aliyekufa ukahamia kichwani kwa mpagazi.

Sote tunaujua msemo "punda afe, mzigo ufike". Tunausema tukiwa na asaimenti ya kesho asubuhi. Lakini katika njia hii ulikuwa ndio utaratibu wa kazi wenyewe, na aliyekufa hakuwa punda peke yake. Mpagazi aliyeugua ndui aliachwa porini. Mateka aliyeshindwa kutembea aliachwa porini. Mji wenye historia hiyo hauhitaji kufundishwa na mgeni kwamba kiumbe kinachotumika mpaka kiishe, halafu kikatupwa, kimefanyiwa ubaya.

Na kuhusu Wazungu wenyewe, wala wasitutishe. Mwaka 1860 mwanamke mmoja wa London, Mary Tealby, alipoanzisha makazi ya mbwa waliopotea, magazeti ya kwao yalimcheka vile vile tunavyochekwa sisi: maskini wamejaa mitaani, yeye anahangaika na mbwa. Makazi yale yalihamia Battersea mwaka 1871, mwaka ule ule Stanley alipofika Unyanyembe, na yapo mpaka leo. Kwa hiyo hoja ya viti vya nyuma ina zaidi ya miaka 160, na haijawahi kuwa hoja ya Kiafrika.

Ngozi ya punda

Kwa punda jambo hili lina haraka yake. Nchini China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda. Mahitaji yake yalipopanda, wanunuzi wakageukia Afrika. Kwetu yakajengwa machinjio Dodoma na Shinyanga. Punda wakaanza kununuliwa kwa wingi, na palipo na soko kubwa wezi hawakosekani: mtu analala na punda wanne, anaamka hana hata mmoja.

Kibaiolojia punda hawezi kushindana na biashara hiyo. Anabeba mimba mwaka mzima, wakati mwingine zaidi, na huzaa mtoto mmoja. Ukichinja haraka kuliko hapo, kundi linakwisha. Serikali ilisimamisha uchinjaji mwaka 2017, baadaye ukarudi, na mwaka 2022 ukapigwa marufuku kwa miaka 10. Februari 2024 viongozi wa Umoja wa Afrika nao walikubaliana kuzuia biashara ya ngozi ya punda kwa bara zima, kwa miaka 15. Maana yake sheria ipo upande wa punda kwa sasa. Kinachokosekana huku chini ni mahali pa kumpeleka yule aliyekamatwa akisafirishwa kwa magendo au aliyeokotwa barabarani ana kidonda. Afisa mifugo akimkamata, anamweka wapi?

Na watu je?

Hapa ndipo najibu hoja ya kwanza, kwamba hii hela ingeenda kwa watu.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilipangiwa shule moja ya msingi nje kidogo ya mji, sitaitaja. Watoto walipita kando ya jalala kuja shuleni. Mmoja wa darasa la nne aliumwa na mbwa mguuni. Vijana wa mtaani wakamkimbiza yule mbwa, wakampiga mawe mpaka akafa, wakamfukia. Kila mtu akaona wamefanya vizuri. Tatizo likaja hospitalini: alikuwa na kichaa au hakuwa nacho? Hakuna aliyejua, maana mbwa alishafukiwa. Mama wa yule mtoto, muuza mboga, akatakiwa kutafuta hela ya sindano zote bila kukosa hata moja. Walimu tulichangishana. Mtoto alimaliza sindano, yuko salama.

Nieleze kidogo, maana hili kila mwalimu mtarajiwa anapaswa kulijua. Kichaa cha mbwa kinaingia kwa mate ya mnyama mgonjwa. Dalili kwa binadamu huchelewa, mara nyingi miezi miwili au mitatu. Zikishaanza, karibu kila mgonjwa hufa, hakuna dawa. Lakini kabla hazijaanza, kinga ipo na inafanya kazi: osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda kituo cha afya siku hiyo hiyo uanze sindano. Shirika la Afya Duniani linasema zaidi ya asilimia 99 ya vifo vya binadamu kwa ugonjwa huu hutokana na mbwa, na watoto ni miongoni mwa wanaoumwa mara nyingi.

Hapo hapo kuna utaratibu ambao watu wengi hawaujui. Mbwa aliyemuuma mtu, kama inawezekana kumkamata kwa usalama, afungiwe na kuangaliwa kwa siku 10. Mbwa ambaye virusi vilikuwa tayari kwenye mate yake siku alipouma atakufa au ataonyesha dalili ndani ya siku hizo. Akiwa mzima siku ya 10, daktari anaweza kusimamisha sindano zilizobaki. Sindano hazisubiri siku hizo, zinaanza mara moja, lakini familia inaweza kuokoa gharama ya zile za mwishoni na kuokoa wiki nzima za kutolala usingizi. Sasa niambie, kwa mji wetu, mbwa huyo anafungiwa wapi? Kwa nani?

Kuwaua ovyo hakujawahi kumaliza ugonjwa popote. Wakipigwa risasi mtaa huu, chakula kinabaki jalalani, mbwa wa mtaa wa pili wanahamia, na hao wapya hawajachanjwa. Kinachofanya kazi ni kuchanja angalau mbwa 7 kati ya kila 10, na kurudia kila mwaka kwa sababu mbwa wanakufa haraka na wengine wanazaliwa. Pemba wamefanya hivyo na kukiondoa kichaa kisiwani, na kilipoingia tena kutoka nje wakachanja tena wakakiondoa. Pemba ni Tanzania hii hii.

Kwa hiyo hela ya hifadhi ikitumika vizuri inamfikia yule mama muuza mboga. Ikitumika vibaya inaishia kwenye ukuta mzuri wenye rangi na bango. Hapo ndipo tunaingia kwenye hesabu.

Hesabu ubaoni

Watu wengi wakifikiria kuchangisha wanafikiria jengo. Kiwanja, tofali, bati, uzio wa waya, kisima. Ni kweli vyote vinahitaji hela, lakini hiyo ni hela ya mara moja. Inayoua hifadhi ni hela ya kila siku.

Tuchukue mfano, na namba hizi ni za kufundishia tu, kila mmoja anaweza kuzibadilisha kwa bei ya sokoni siku hiyo. Tuseme mbwa mmoja anakula ugali wa dona na dagaa wa shilingi 1,500 kwa siku. Tuseme hifadhi ina mbwa 30. Hiyo ni shilingi 45,000 kwa siku. Kwa mwaka ni shilingi 16,425,000. Ongeza watunzaji wawili, kila mmoja tumlipe 200,000 kwa mwezi: 4,800,000 kwa mwaka. Jumla tumefika 21,225,000 na bado hatujanunua chanjo hata chupa moja.

Tukisema kila mwanafunzi atoe buku kwa mwezi, tunahitaji wanafunzi 1,769 wanaolipa kila mwezi bila kukosa. Hapo nawajua wenzangu. Mwezi wa kwanza watalipa, wa pili watalipa nusu, wa tatu utasikia "vyuma vimekaza". Na likizo je? Sisi tunafunga chuo, mbwa hafungi tumbo.

Tatizo la pili ni nafasi. Hifadhi ikijulikana, watu wanaanza kuleta. Asubuhi unakuta boksi getini lina watoto wanane wa mbwa. Nafasi 30 zinajaa haraka, na mbwa jike mmoja asiyefungwa kizazi anaweza kuzaa mara mbili kwa mwaka. Hata wakongwe wa kazi hii wamekutana nalo. Elisabeth Svendsen, mwanzilishi wa hifadhi kubwa ya punda kule Uingereza mwaka 1969, alijikuta mwaka 1974 ameachiwa punda 204 kwa wosia wa mtu mmoja. Yeye aliweza kuwachukua. Sisi boksi la nane tu lingetufunga.

Kwa hiyo swali la yule mtu mpole wa baada ya kikao, "mtawalisha nini", ndilo swali lenyewe hasa. Na jibu langu ni kwamba tusianze na nafasi 30.

Somo la Lamu

Svendsen huyo huyo alifika Lamu akakuta mji wa Waswahili ambao vichochoro vyake ni vyembamba na mizigo yote inabebwa na punda. Hifadhi yake ilifungua kituo pale mwaka 1987, na kipo hadi sasa. Kilichonivutia ni namna kinavyofanya kazi. Mwenye punda anamleta, anatibiwa bure, anapewa dawa ya minyoo, mwenyewe anafundishwa namna ya kufunga mzigo usichubue mgongo, kisha punda anarudi kazini na mwenyewe. Wanaolazwa ni wagonjwa, wanaobaki ni wachache. Hata mashindano ya punda waliotunzwa vizuri yanafanyika, na mshindi anapewa zawadi mbele ya mji mzima.

Kwa maneno mengine, mnyama anaendelea kulishwa na yule yule aliyekuwa akimlisha. Kituo kinalipia kile ambacho mwenyewe hawezi: daktari, dawa na elimu. Ndiyo maana kituo kidogo kinawagusa wanyama wengi.

Tukirudisha hilo Tabora: tuanze na vyumba 6 vya kuangalia na kutibu, basi. Mnyama sita kwa shilingi 1,500 kwa siku ni 3,285,000 kwa mwaka. Mtunzaji mmoja ni 2,400,000. Jumla 5,685,000, sawa na watu 474 wanaotoa buku kwa mwezi. Tukijua kwamba wanafunzi tutalipa miezi 8 tu ya masomo, tunahitaji watu 711 ili akiba ivuke likizo. Hiyo ni namba ambayo mtu anaweza kuisema kwenye kikao bila kuona haya.

Namna ya kuchangisha

Waswahili hatuna shida ya kujua kuchangisha. Tunachangisha harusi, msiba, kipaimara, maulidi na ukumbi wa mahafali. Kamati inaundwa, kadi zinachapwa, mtu anaandika ahadi, mweka hazina anamfuatilia mpaka anajificha. Utaratibu huo ni mzuri, ila una mwisho: harusi ina tarehe, ikipita kila mtu anapumua. Hifadhi haina tarehe. Kwa hiyo tunakopa sehemu ya utaratibu huo na kubadilisha nyingine.

Kwanza, tutenganishe mifuko miwili tangu siku ya kwanza: mfuko wa ujenzi na mfuko wa kila siku. Harambee kubwa na wageni rasmi iende kwenye ujenzi. Buku za kila mwezi ziende kwenye chakula na mshahara. Hela ya mfuko mmoja isiguse mwingine. Na ujenzi usianze mpaka mfuko wa kila siku uwe na akiba ya miezi sita. Najua mafundi na wapenda picha hawatalipenda hilo.

Pili, tupunguze matumizi kabla ya kuongeza michango. Mabaki ya ukumbi wa chakula wa chuo, ugali mkavu, mifupa ya bucha na machinjioni, vichwa vya kuku: hivyo vyote vinatupwa kila siku, na ndivyo vinavyowaleta mbwa majalalani. Vikichemshwa vizuri ni chakula. Mama lishe mmoja akikubali kutuwekea ndoo moja jioni, ametoa mchango mkubwa kuliko kadi ya 10,000.

Tatu, tuuze kitu cha kwetu. Mkoa huu una asali ambayo watu wa Dar wanaitafuta kwa tochi. Chuo cha Nyuki kiko hapa hapa Tabora. Kununua asali kwa wafugaji wa Sikonge au Uyui, kuifungasha vizuri na kuiuza mahafali na kwenye mabasi ya likizo ni kazi ambayo wanafunzi wa biashara wanaweza kuisimamia kama mradi wao wa vitendo.

Nne, daktari. Kufunga kizazi na kuhasi ni upasuaji, na kwa sheria ya veterinari ya 2003 si kazi ya mtu yeyote mwenye wembe. Hapa tunahitaji daktari wa mifugo aliyesajiliwa. Chuo Kikuu cha Sokoine kule Morogoro ndiko madaktari hao wanakosomeshwa, na wanafunzi wa mwaka wa mwisho wanahitaji mazoezi. Nauli na malazi yao kwa wiki moja, chini ya msimamizi wao, ni hela inayochangishika. Arusha kuna kituo cha Mbwa wa Africa na Moshi kuna Meru Animal Welfare Organization, nao wana uzoefu wa kampeni za namna hiyo. Kuwaandikia barua hakugharimu kitu.

Tano, uwazi. Tuseme ukweli, sababu kubwa ya watu kukataa kuchangia si mbwa, ni wapigaji. Kila mtu ana kumbukumbu ya mchango ulioliwa. Kwa hiyo akaunti iwe na watia saini watatu, mmoja asiwe mwanafunzi. Michango ya simu iingie kwenye namba ya kikundi, isiingie kwenye simu ya mwenyekiti. Na kila tarehe 1 ya mwezi karatasi ibandikwe ubaoni: kimeingia kiasi gani, kimetoka kiasi gani, risiti hizi hapa, wanyama waliopokelewa ni hawa, waliotoka ni hawa. Mtu anayeiona karatasi hiyo miezi mitatu mfululizo atatoa buku ya nne bila kuombwa.

Mambo ya sheria ni mafupi. Sheria ya Ustawi wa Wanyama, Na. 19 ya 2008, inakataza kumtesa mnyama, na ndiyo tunayosimama juu yake. Kikundi kikitaka kumiliki kiwanja na kufungua akaunti kwa jina lake kisajiliwe, na usajili wa shirika lisilo la kiserikali unaweza kuanzia ngazi ya wilaya. Afisa mifugo wa kata awe ndani ya mpango tangu mwanzo, asije kusikia kwa watu.

Majirani

Hifadhi haikai hewani, inakaa mtaani, na mtaani kuna wazee. Tulimtembelea mzee mmoja jirani na kiwanja tulichokuwa tunakifikiria, Mwislamu mcha Mungu.

"Shikamoo babu."

"Marahaba wajukuu zangu. Nasikia mnaniletea mbwa."

Tukamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akatukumbusha mwenyewe habari ya mtu aliyemchotea maji mbwa mwenye kiu kwa kiatu chake, Mungu akamsamehe dhambi zake. Halafu akasema masharti yake: mate ya mbwa ni najisi, kwa hiyo uzio uwe imara, mbwa wasifike kwenye mabomba wala njia ya msikitini, na kelele za usiku zidhibitiwe. "Mkinitimizia hayo," akasema, "nami nitachanga."

Masharti yake ni ya haki na tumeyaandika kwenye mpango. Uzio ndio umekuwa kitu cha kwanza kwenye mfuko wa ujenzi, kabla ya ofisi, kabla ya bango.

Kinachosubiri uamuzi

Katika kikundi chetu bado hatujakubaliana. Upande mmoja unasema tujenge sasa, hata kibanda, kwa sababu watu hawachangii kitu wasichokiona. Upande mwingine, na mimi nimo humo, unasema mwaka wa kwanza tusijenge kitu. Tuchangishe, tununue chanjo kupitia afisa mifugo, tuchanje mbwa wa mitaa inayozunguka chuo tarehe 28 Septemba, Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, tuwaandike mbwa wote na wenyewe, tufundishe somo la dakika 15 za sabuni na maji kwenye shule tunazokwenda mazoezi. Hapo tutajua mbwa wasio na mwenyewe ni wangapi hasa, na vyumba 6 vinatosha au havitoshi.

Wenzangu wa upande wa pili wananijibu kwamba mwaka mzima ni mrefu kwa punda aliyesimama barabarani na mguu uliovunjika leo. Hilo sina jibu lake zuri, isipokuwa kwamba hifadhi itakayofungwa baada ya miezi minne kwa kukosa unga itamrudisha yule punda barabarani, pamoja na mbwa 30.

Kikao cha kupiga kura ni wiki ya tatu ya muhula ujao, ukumbi ule ule wa kuchekana. Kila mwanafunzi anaruhusiwa kuingia na kuuliza, ikiwa ni pamoja na viti vya nyuma. Nitakuja na hesabu hizi kwenye karatasi kubwa. Ukiona namba ya 1,500 kwa siku ni ndogo au kubwa, pita sokoni kwanza uulize bei ya dona na dagaa, halafu njoo uisahihishe mbele ya watu.